Ni Nani Atakayewapima Wapimaji wa Damu?

(Hotuba iliyosomwa na mfanyi kazi mmoja wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa maombi ya wale waliokuwa zamu wasiweze kufika.)



Katibu aliniomba niseme machache juu ya magazeti na mfanyi kazi. Nadhani alitazamia niseme juu ya siasa. Lakini mimi nimechagua zile kurasa ambazo wengi wetu huzipita upesi ili tufike kwenye mpira, yaani kurasa za biashara. Na katika biashara zote nimechagua moja tu, biashara ya kupima damu.

Mimi si daktari, wala si mwandishi wa habari. Shule yangu ilikuwa ya misheni na niliishia darasa la nane. Kwa hivyo sitawaeleza mambo makubwa ya udaktari. Nitawaeleza kama fundi anavyowaeleza mafundi wenzake.

Kwanza, jambo hili latuhusu nini? Tangu Oktoba 2024, kila mwezi mshahara wa kila mmoja wetu hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Sehemu ya pesa hizo huishia katika maabara, kwa kupima malaria, sukari, mkojo na damu. Na wakati bima haitoshi, twatoa mfukoni. Mwenzetu mmoja wa karakana alipimwa mahali fulani akaambiwa ana homa ya matumbo. Akanunua dawa, akalala nyumbani siku tatu bila nguvu. Alipopimwa mahali pengine, barabara ile ile, akaambiwa hana ugonjwa huo hata kidogo. Je, ni karatasi gani iliyosema kweli? Yeye hakuweza kujua, na mimi nisingeweza kumwambia.

Hapo ndipo penye shida ya biashara hii. Ukinunua kilo ya nyama, waweza kuipeleka kwenye mizani nyingine. Ukinunua viatu vibovu, mguu wako utakuambia. Lakini jibu la maabara ni bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuijua kuwa ni mbovu. Umetoa damu yako, umelipa, umepewa karatasi yenye tarakimu. Karatasi nzuri na karatasi mbaya zafanana kama pacha.

Wazee wetu wa reli walikuwa na kazi moja ambayo vijana wengi hawaijui. Gari la moshi liliposimama stesheni, alikuja mtu na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima lilikuwa na mlio wake, na gurudumu lenye ufa lilikuwa na mlio wake. Abiria walikuwa ndani, wamelala au wanakula, hawakujua habari. Maisha yao yalikuwa katika sikio la mtu yule. Leo nataka kuwaambia kwamba katika biashara ya maabara, mwandishi wa habari za biashara akifanya kazi yake sawasawa, ndiye mtu wa nyundo. Na mfanyi kazi aliye ndani ya maabara ndiye amwambiaye ni gurudumu gani la kugonga.

Nitawapa visa viwili vya kweli kutoka Marekani, kwa sababu huko mambo haya yaliandikwa magazetini na kuamuliwa kortini, hata hakuna mtu awezaye kusema ni uvumi.

Kisa cha kwanza ni kifupi. Katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, palikuwa na kampuni ya maabara iliyoitwa Health Diagnostic Laboratory. Kampuni hii ilikua upesi mno. Mwezi wa Septemba 2014 gazeti la biashara la Wall Street Journal liliandika sababu mojawapo: kampuni ilikuwa ikiwalipa madaktari hadi dola 20 kwa kila damu ya mgonjwa waliyoipeleka huko. Kampuni ilisema ni malipo ya kazi ya kutoa na kutunza damu. Lakini sisi tunajua kitu kidogo kinavyobadilisha jina. Daktari akilipwa kwa kila chupa, je, atampima mgonjwa kwa sababu ni mgonjwa, ama kwa sababu ya zile dola? Mwaka 2015 kampuni ilikubali kuilipa serikali dola milioni 47 kumaliza madai hayo, na mwaka huo huo ikafilisika.

Mmoja wa waandishi wa habari ile aliitwa John Carreyrou. Likumbukeni jina hilo, maana ndiye aliyeandika kisa cha pili.

Mwaka 2003, katika jimbo la California, msichana wa miaka 19 jina lake Elizabeth Holmes aliacha masomo ya chuo kikuu cha Stanford akaanzisha kampuni. Baadaye kampuni hiyo iliitwa Theranos. Neno lake lilikuwa tamu. Alisema hakuna haja tena ya sindano mkononi wala chupa nyingi za damu. Tone chache za damu kutoka ncha ya kidole zatosha, na mashine yake ndogo itapima magonjwa mengi, upesi na kwa bei nafuu. Nani asiyependa jambo hilo? Hata mimi naogopa sindano.

Matajiri wakaleta pesa, zaidi ya dola milioni 700 kwa jumla. Katika baraza la wakurugenzi waliketi watu wenye majina makubwa: Henry Kissinger na George Shultz, ambao wote wawili waliwahi kuwa mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani. Huyu Shultz aliwahi pia kuwa waziri wa kazi, mwaka 1969 na 1970. Lakini tazameni vizuri, ndugu zangu. Wengi wa wazee wale walijua vita na siasa, na waliojua kazi ya kupima damu walikuwa haba sana. Ni kama kuunda kamati ya breki za gari la moshi kwa majenerali na mabalozi.

Mwaka 2013 kampuni ilifanya mapatano na Walgreens, kampuni kubwa ya maduka ya dawa, watu wakaanza kutolewa damu madukani, hasa katika jimbo la Arizona.

Na magazeti yalifanya nini? Hapa ndipo ninapotaka msikilize. Mwaka 2013 ukurasa wa maoni wa Wall Street Journal lenyewe ulimsifu. Juni 2014 jarida la Fortune liliweka picha yake mbele kabisa, likasema kampuni ina thamani ya dola bilioni 9. Jarida la Forbes likahesabu mali ya mama huyu kuwa dola bilioni 4.5. Mwandishi mmoja akisifu, wa pili alisoma ya wa kwanza akasifu zaidi. Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mashine hii ilitembezwa juu ya karatasi za thamani, kutoka jarida hadi jarida, lakini hakuna katika wale waliosifu aliyeonyeshwa damu ikiingia upande mmoja na jibu la kweli likitoka upande wa pili.

Tena ilikuwa kampuni isiyouza hisa katika soko la hisa, kwa hivyo haikulazimika kufungua vitabu vyake mbele ya watu wote. Na wataalamu hawakupewa majaribio ya mashine ile wayasome na kuyapima kama ilivyo desturi. Profesa mmoja wa Stanford, John Ioannidis, alilisema jambo hilo wazi katika jarida la madaktari mwanzoni mwa 2015. Waliomsikiliza walikuwa wachache.

Desemba 2014 jarida la New Yorker lilitoa makala marefu juu ya kampuni hii. Ndani yake Bi Holmes alieleza jinsi mashine inavyofanya kazi, na maneno yake yalikuwa ya juu juu tu. Daktari mmoja wa maabara katika jimbo la Missouri aliyasoma akashuku. Akampigia simu Carreyrou. Basi Carreyrou akachukua nyundo yake.

Ndugu, aligonga wapi? Hakwenda kwa mkurugenzi kwanza. Alikwenda kwa wafanyi kazi. Aliwatafuta waliokuwa wameacha kazi katika maabara ile, mmoja mmoja, akasikiliza. Alikwenda Arizona kwa madaktari ambao wagonjwa wao walipewa majibu ya ajabu. Yeye mwenyewe akatoa damu yake kwa Theranos, kisha akatoa tena kwa maabara nyingine kubwa, akalinganisha karatasi mbili. Hazikupatana.

Wafanyi kazi walimwambia nini? Walimwambia kwamba mashine ile iliyosifiwa dunia nzima ilikuwa ikifanya vipimo 15 tu mwishoni mwa 2014, na kampuni iliuza vipimo zaidi ya 200. Vingine vilifanywa kwa mashine za kawaida zilizonunuliwa kwa makampuni mengine. Na kwa kuwa tone la kidole ni dogo mno kwa mashine za kawaida, walilitia maji ya dawa ili lienee. Mnajua muuza maziwa atiaye maji katika debe? Maziwa huongezeka machoni lakini si maziwa yale tena. Damu nayo ikitiwa maji hivyo, kile kinachopimwa ndani yake huwa hafifu mno, na mashine hukisia badala ya kupima.

Kuna jambo jingine. Kwa sheria ya Marekani, maabara hupelekewa damu za majaribio, ambazo mpelekaji ajua jibu lake na maabara haijui. Ni kama mkaguzi wa mizani ajaye na jiwe la uzani alijualo. Sheria yasema damu hiyo ipimwe vile vile kama damu za wagonjwa. Kampuni hii ilikuwa ikizipima kwa mashine za kawaida na kupeleka majibu hayo, huku wagonjwa wakipimwa kwa ile mashine nyingine. Mkaguzi akija, mizani mizuri yatolewa. Mkaguzi akienda, mizani mibovu yarudi mezani. Katika shule ya misheni tulifundishwa juu ya mtu wa namna hiyo.

Walioyaona mambo hayo walikuwa vijana. Mmoja ni Erika Cheung, aliyeingia kazi ya maabara mwaka 2013 akiwa ametoka chuoni. Mwingine ni Tyler Shultz, naye ni mjukuu wa yule mzee George Shultz wa baraza la wakurugenzi. Aprili 2014 Tyler alimwandikia Bi Holmes barua kueleza makosa. Akajibiwa kwa matusi na msaidizi wake, Ramesh Balwani, akaacha kazi. Alikuwa pia amewaandikia wakaguzi wa jimbo la New York akificha jina lake.

Halafu wanasheria wakaanza kazi yao. Siku moja mwaka 2015 Tyler alikwenda kwa babu yake wazungumze, na kumbe wanasheria wawili wa kampuni walikuwa wamengoja ghorofani, wakashuka na karatasi atie sahihi. Alikataa. Wazazi wake walitumia zaidi ya dola 400,000 kulipa mawakili wa kumlinda. Naye Erika Cheung aliletewa barua ya vitisho na mtu asiyemjua, katika uwanja wa magari, nje ya kazi yake mpya. Yeye naye hakunyamaza. Septemba 2015 aliiandikia serikali yenyewe, ile idara inayokagua maabara.

Gazeti nalo lilitishwa. Wanasheria walikuja katika ofisi za gazeti New York wakabishana saa nyingi. Tena sikieni hili: mwenye gazeti, Rupert Murdoch, alikuwa ameweka katika kampuni ile karibu dola milioni 125 za kwake mwenyewe. Bi Holmes alimwendea zaidi ya mara moja akimwomba aizuie habari. Murdoch akajibu kwamba mambo ya habari anawaachia wahariri. Sisi hatuna desturi ya kuwasifu matajiri katika chama hiki, lakini haki ni haki, na siku ile mlango haukufungwa. Oktoba 2015 habari ilitoka ukurasa wa kwanza.

Baada ya hapo reli yote ikaonekana ufa. Januari 2016 wakaguzi wa serikali walitangaza kwamba makosa ya maabara yale ni hatari ya papo hapo kwa afya ya wagonjwa. Kati ya vipimo vilivyoharibika ni kile cha kuganda kwa damu, ambacho daktari hukitumia kujua kiasi cha dawa ya kumpa mgonjwa wa moyo. Dawa hiyo ikizidi, mtu hutoka damu ndani ya mwili. Ikipungua, damu huganda. Mwaka huo huo kampuni ilifuta majibu yote ya mashine yake ya miaka 2014 na 2015. Fikirini: karatasi ulizopewa, ukanywa dawa kwa ajili yake, ukalia kwa ajili yake, leo waambiwa zitupe. Jarida la Forbes, lililokuwa limehesabu dola bilioni 4.5, likahesabu upya likasema mali yake ni sufuri. Mwandishi wa Fortune, Roger Parloff, yeye alikuwa amekwisha kuandika Desemba 2015 akieleza jinsi alivyopotoshwa, na huo ni uungwana.

Aprili 2017 kampuni ilikubali kurudisha dola milioni 4.65 kwa watu zaidi ya 175,000 wa Arizona. Septemba 2018 ikafungwa kabisa. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa ndefu miaka 15, kwa sababu wengi waliipaka lami.

Na nani aliyeumia kwanza? Oktoba 2016, walipofunga maabara zao, wafanyi kazi karibu 340 walipoteza kazi. Wakuu walikuwa bado ofisini. Januari 2022 Bi Holmes alipatikana na hatia, na Novemba mwaka ule akahukumiwa kifungo cha miaka 11 na miezi 3. Balwani naye alihukumiwa karibu miaka 13. Lakini angalieni hukumu ya Bi Holmes. Alipatikana na hatia kwa ajili ya pesa za matajiri walioweka mtaji. Juu ya wagonjwa waliotolewa damu, baraza la kesi yake halikumwona na hatia. Balwani peke yake ndiye aliyepatikana na hatia kwa yote mawili. Mimi sibishani na korti. Nasema tu kwamba dola hupata shahidi upesi kuliko damu ya mtu wa kawaida. Kwa hivyo mtu wa kawaida ahitaji zaidi mfanyi kazi mwenye kusema na gazeti lenye kuuliza.

Sasa mtaniuliza, sisi wa hapa Kenya tufanye nini? Nina mambo manne.

La kwanza, tusome kurasa za biashara, na tuzisome kwa maswali. Ukiona kampuni ya afya imesifiwa, uliza: mwandishi ameiona mashine ikifanya kazi? Amezungumza na wafanyi kazi, ama na mkurugenzi peke yake? Na ukurasa huu ni habari, ama ni tangazo lililovaa nguo za habari?

La pili, tunapokwenda kupimwa, tuulize cheti. Iko bodi ya watu wa maabara iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, na maabara yapaswa kusajiliwa na wafanyi kazi wake kuwa na leseni. Kuuliza si utovu wa adabu. Hata dereva wa gari letu huulizwa leseni. Na jibu likiwa la kutisha, mwombe daktari lipimwe mara ya pili kabla ya kununua dawa za pesa nyingi.

La tatu, tuwalinde wanaosema. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 46, yasema kwamba mfanyi kazi kumshtaki tajiri wake si sababu halali ya kumfukuza, ila ikionekana mashtaka hayo hayana msingi. Maneno hayo ni mazuri, lakini sheria iliyo kabatini haimsaidii kijana aliyesimama peke yake mbele ya wanasheria watatu. Tyler Shultz alikuwa na wazazi wenye uwezo. Mtoto wa fundi wa reli ana nani? Ana chama chake. Kama hana chama, hana mtu. Ndiyo sababu nasema, mfanyi kazi wa maabara akija kwetu na neno la kweli juu ya vipimo vya uongo, asiambiwe kwamba hayo si ya reli. Damu iliyomo ndani ya chupa zile ni yetu.

La nne, tukumbuke kwamba mwandishi wa habari naye ni mfanyi kazi. Ana mshahara, ana mhariri, ana mwenye gazeti, na aweza kufutwa kama mimi na wewe. Akija karakana kuuliza, tusimkimbie wala tusimjaze uvumi. Tumpe tulichokiona kwa macho, siku na saa, basi. Carreyrou hakushinda kwa maneno makali. Alishinda kwa sababu watu wa ndani walimpa mambo yasiyoweza kukanushwa.

Ndugu Mwenyekiti, saa yangu imekwisha. Mapendekezo yangu ni kwamba tawi lichague watu wawili wa kusoma kurasa za biashara kila juma na kutuletea habari za bima, hospitali na maabara kwa Kiswahili, zipigwe chapa katika gazeti hili la chama. Mimi niko tayari kuwa mmoja. Anayetaka kuwa wa pili ampe Katibu jina lake kabla ya kutoka mlangoni.

 Umoja wetu udumu.